Msimshushe Mtu Shimoni Kabla ya Kupima Hewa

Ndugu zangu wakandarasi, nanyi manyapara mnaosimamia vibarua, sikilizeni! Mtu haingii shimoni kwa hiari mnapomwambia asiyetaka aondoke, wanaosubiri kazi getini ni wengi. Mmemtuma ninyi. Damu yake mtaulizwa ninyi.

Torati ilimwagiza ajengaye nyumba aweke ukingo darini, mtu asije akaanguka na nyumba ikabeba hatia. Ukingo hujengwa kabla mtu hajaanguka! Ninyi mnaofukua matangi ya vituo vya zamani vya mafuta, ukingo wenu uko wapi?

Bomba la mafuta la Mombasa hadi Nairobi lilipovuja Thange, Makueni, mwaka 2015, mafuta yaliingia mtoni na visimani. Udongo uliokunywa petroli hausafishwi kwa maneno. Yupo mtu anayeuchota kwa koleo. Ndani ya petroli mna benzini, nayo huharibu uboho na kuleta saratani ya damu, pengine miaka mingi baada ya mkandarasi kulipwa na kwenda zake. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa: hutuama chini, pale pale kibarua alipoinama. Pua huzoea harufu, basi msiniambie hainuki tena. Pimeni kwa kifaa!

Na acheni kuwahadaa watu kwa paketi ya maziwa jioni. Maziwa ni chakula. Hayaoshi sumu iliyokwisha kuingia mapafuni na kupenya ngozi. Barakoa ya kitambaa haizuii mvuke. Leteni zenye vichujio vya mkaa maalumu, mvibadilishe kabla havijachoka. Na penye hewa haba hata hizo hazitoshi, apelekewe hewa safi kwa mpira. Leteni glavu zisizopitisha petroli, na maji na sabuni, maana wengi bado wananawa kwa petroli yenyewe. Ovaroli zifuliwe kazini. Kwa nini mke azifue kwenye beseni la nguo za mtoto mchanga?

Nawe kibarua, sheria ya Kenya ya usalama na afya kazini ya mwaka 2007 inakutaka uripoti hatari kubwa, na mwajiri hana ruhusa ya kukurudisha hapo hatari ingalipo. Ukisikia kizunguzungu, panda juu. Mwenzako akizimia chini, usimrukie, mtakufa wawili. Piga kelele, avutwe kwa kamba aliyofungwa. Mkandarasi, kamba hiyo inunue leo.