Uzuri wa Mkakasi

Hebu tujiulize: fundi anapokipamba chombo cha kazi, anampa mteja zawadi au anamwibia?

Swali hili halikunijia vitabuni, lilinikuta na randa mkononi. Nilipomaliza kidato cha nne bila kuchaguliwa kuendelea, mjomba alinichukua kwenye karakana yake, si mbali na hapa Mchafukoge. Mchana napiga randa, usiku naandika riwaya yangu kwenye madaftari.

Siku moja akaja mama muuza matunda wa Kariakoo. Alitaka kigari cha kusukuma, chenye kibanda juu. Mjomba akaniachia kazi. Nikasema, leo watanitambua! Nikapasua mabaki ya mninga na mvule, vipande vyembamba kama rula, nikavigonga juu ya plaiwudi kwa zamu, chekundu, cha manjano, chekundu, cha manjano, kisha vanishi. Siku tatu nzima. Washikaji wakaja kukodoa macho. Kilipendeza ile mbaya!

Sakafu niliifanya jioni moja. Muda na fedha vilishakwenda ubavuni, basi nikaweka mbao laini na misumari michache. Nani anatazama sakafu?

Wiki ya pili mama akarudi. Sakafu imepasuka katikati ya barabara, machungwa yametapakaa, magari yameyakanyaga. Hakufoka. Alisema tu, "Mwanangu, kigari chako kizuri. Lakini ule ulikuwa mtaji wangu." Heri angenitukana.

Wapo watakaosema: basi urembo uachwe, maskini anachotaka ni mzigo ufike. Sikubaliani nao. Anayesukuma mkokoteni juani kutwa nzima naye ana macho. Kumwambia kuwa uzuri haumhusu ni kumpunguzia utu.

Kosa langu lilikuwa jingine. Tazama mitepe, vyombo vya kale vya pwani yetu. Mbao zake zilishonwa kwa kamba za nazi, bila misumari, na mshono ule ule uliopendeza ndio ulioshikilia chombo baharini. Huko Marekani nako, tangu miaka ya 1930, watu wamekuwa wakijijengea matela madogo ya kulala safarini. Wapo wanaogundisha vipande vyembamba vya mbao za rangi tofauti, ubavu kwa ubavu, kama wajengavyo mitumbwi. Hapo urembo ndio ukuta. Ukiubandua, hakuna tela. Urembo wangu ungeubandua, kigari kingebaki kile kile, tena chepesi zaidi. Wahenga walishasema: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Basi jibu langu ni hili. Urembo ni zawadi fundi anapoutoa katika jasho lake mwenyewe, baada ya kutimiza alichoahidi. Akiutoa katika sakafu ya mteja ni wizi, hata ukimetameta.

Sakafu mpya tuliiweka bure, ya mvule. Fedha ya machungwa nilimlipa mama kidogo kidogo kutoka kwenye posho yangu. Usiku ule nikafungua madaftari. Sura ya kwanza ya riwaya yangu ina machweo ya jua kurasa mbili. Baba wa mhusika mkuu anakufa kwa mstari mmoja. Loo! Sakafu ile ile. Nikachukua kalamu, nikaanza kufuta machweo.