Kukua Baada ya Kufiwa Si Kumsaliti Marehemu



Katika makazi haya karibu kila bloku ina mjane au mgane. Wengine walifiwa kabla ya kukimbia, wengine njiani, wengine hapa hapa ugenini kwa malaria au wakati wa kujifungua. Nasi tunaoishi pamoja nao tumeona jambo ambalo wengi huogopa kulisema kwa sauti: baada ya miaka, baadhi yao wamekua. Mama ambaye hakuwahi kusimama mbele ya watu, leo anawasemea wenzake kwenye mkutano wa bloku. Baba ambaye hakujua mboga hutiwa chumvi saa ngapi, leo anapika, anaogesha watoto na kujua kila mmoja anaogopa nini usiku.

Hapo ndipo swali gumu linapozaliwa. Mjane hujiambia moyoni: kama baba watoto angekuwa hai, nisingeyajua haya ninayoyajua leo. Je, basi, nimefaidika kwa kifo chake? Nikifurahia maisha yangu mapya, si ni sawa na kufurahia kaburi lake?

Swali hili tusilipuuze. Linawafanya watu wema wajifiche, wasicheke, wakatae kazi ya kanisa, ili wasionekane kwamba wamesahau. Tulijibu polepole, tukiwa na Neno mkononi.

Kwanza, mema yanayofuata kifo si sababu ya kifo. Kwenye matanga utasikia mtu akimwambia mfiwa kwamba Mungu amemchukua mumewe ili amfundishe kusimama mwenyewe. Anayesema hivyo anataka kufariji, lakini anamfanya Mungu kuwa mwalimu anayemuua baba wa watu ili mama apate somo. Tumtazame Bwana Yesu kaburini kwa Lazaro, katika Yohana 11. Alijua kwamba baada ya muda mfupi angemfufua rafiki yake. Hata hivyo alilia. Kama wema unaokuja ungefanya kifo kiwe kizuri, machozi yale yalikuwa ya nini? Mtume Paulo naye, katika 1 Wakorintho 15:26, anakiita kifo adui. Mungu anaweza kumwinua mtu kutoka mahali adui alipompiga, wala adui hageuki kuwa rafiki kwa sababu hiyo.

Kwa hiyo mfiwa ana haki ya kushukuru kwa jinsi alivyokua bila kushukuru kwa msiba. Katika 1 Wathesalonike 5:18 Paulo anatuagiza kushukuru, na neno la Kiyunani alilotumia hapo ni "en", maana yake "katika". Tunashukuru tukiwa katika jambo, kwa sababu Mungu yumo pamoja nasi. Hatulazimishwi kuliita jambo lenyewe jema.

Pili, kuendelea si kusahau. Tumwangalie baba yetu Ibrahimu, ambaye naye alikuwa mgeni katika nchi ya watu. Sara alipofariki, Ibrahimu aliingia akamlilia. Kisha akawaendea wenyeji wa nchi, akajitaja mbele yao kuwa mgeni na mpitaji, akanunua shamba la Makpela kwa shekeli 400 za fedha ili amzike mkewe kwa heshima. Habari hii iko katika Mwanzo 23. Sisi tuliowahi kutafuta mahali pa kuzika katika ardhi isiyo yetu tunaielewa vizuri.

Lakini Ibrahimu hakukaa mlangoni mwa pango lile. Sura inayofuata inamwonyesha akishughulika na ndoa ya mwanawe Isaka, na katika sura ya 25 anaoa mke aitwaye Ketura, anapata watoto wengine. Je, alimsahau Sara? Soma mwisho wake: alipokufa, wanawe Isaka na Ishmaeli walimzika katika pango la Makpela, pamoja na Sara. Mtu yule yule alianza maisha mengine, na mtu yule yule akalala karibu na mke wa ujana wake. Moyo una nafasi ya yote mawili.

Na hapa tuseme ukweli kuhusu mizani yetu. Mgane akioa kabla hata majani hayajaota kaburini, tunasema nyumba haikai bila mama. Mjane akisalimiana na mtu baada ya miaka mitatu, minong'ono inaanza bombani, na mashemeji wanaitisha kikao. Neno la Mungu halina mizani miwili. Katika 1 Wakorintho 7:39 mjane yuko huru kuolewa, ila katika Bwana. Vilevile Ana binti Fanueli, katika Luka 2, aliishi na mumewe miaka saba tu, akabaki mjane hadi uzee, akimtumikia Mungu hekaluni. Njia zote mbili ni za heshima. Asilazimishwe mtu kuolewa, wala asizuiwe.

Tatu, kusudi jipya si deni. Wengi tumesikia habari za mmisionari Elisabeth Elliot wa Marekani. Tarehe 8 Januari 1956 mumewe Jim na wenzake wanne waliuawa kwa mikuki katika msitu wa Ekuado na watu wa kabila la Waorani. Mwaka 1958 mama huyo, pamoja na binti yake mdogo na Rachel Saint, dada wa mmoja wa wale waliouawa, walikwenda kuishi katikati ya watu hao hao. Ni ushuhuda mkubwa. Lakini tusiutumie kama fimbo. Kati yetu wako ambao wenzao waliuawa, na wanaowajua waliofanya hivyo. Tusimwambie mjane wa namna hii kwamba imani yake haijakomaa mpaka atende kama Elisabeth. Kwa mwingine kusudi jipya ni kujifunza kusoma akiwa na miaka hamsini, ili aandike jina lake mwenyewe kwenye fomu. Kwa mwingine ni kumpokea mtoto asiye na wazazi. Naomi aliyerudi kutoka Moabu akijiita mchungu hakuanzisha huduma kubwa. Alipakata mtoto wa Ruthu, akawa mlezi wake. Mtoto huyo, Obedi, ndiye babu wa Daudi, lakini siku ile Naomi hakujua hayo. Alikuwa na mtoto wa kulea tu, na hiyo ilitosha.

Wako pia wale wasio na kaburi wala habari. Mume alichukuliwa, au walipotezana msituni, na hadi leo hakuna anayejua kama yu hai. Dada zetu hawa hawajui hata kama waitwe wajane. Kuhusu ndoa tunawaomba wasikimbilie, wakae na wazee wa kanisa na watumie njia zote za kutafuta ndugu waliopotea. Ila kukua hakungoji jibu hilo. Kujifunza kazi, kulea, kuongoza, kucheka na watoto, hayo yote unaweza kuyafanya huku bado unamsubiri. Akirudi, atamkuta mtu aliye hai.

Mwisho, wapendwa, tusihubiri kukua kwa mtu mwenye njaa. Katika Matendo 6 wajane wa Wayahudi wa Kiyunani walisahauliwa katika mgao wa kila siku. Kanisa la kwanza halikuwapa somo la uvumilivu. Lilichagua watu saba wenye sifa njema wasimamie mgao ule. Basi mfiwa wa bloku yako akipoteza nafasi yake kwenye foleni kwa sababu hana wa kumbebea gunia, mbebee. Kadi yake ikiwa bado ina jina la marehemu, msindikize ofisini. Akitaka kumtaja marehemu kwa jina, msikilize. Na siku utakapomsikia akiimba tena jikoni, usiulize amesahau nini. Mshukuru Mungu aliyemshika mkono.

Bwana, mume wa wajane na baba wa yatima, awatunze. Amina.