Nani Anangoja Chini?

Kila mkubwa anapoanguka huku Kivu, mashariki mwa Kongo, methali ni ile ile. Kanali akitiwa ndani, mbunge akivuliwa kinga, mkuu wa kundi akitoka porini kujisalimisha, utaisikia sokoni, redioni, hata mimbarini: aliye juu mngoje chini. Watu hucheka, kisha huhamia mazungumzo mengine. Sina ugomvi na kicheko cha walioonewa. Ugomvi wangu ni na maana tuliyoizoea, kana kwamba wahenga walituahidi kuwa kilichopanda kitashuka chenyewe, basi tukae, tuseme "Mungu iko", siku itafika.

Wapo vijana walioichoka maana hiyo wakaigeuza methali: aliye juu, mfuate huko huko. Nawaelewa. Ikiwa kungoja ni kukaa tu, kijana mwenye damu mwilini ana haki ya kukataa. Lakini aliyewaambia kwamba kungoja ni kukaa ni nani? Methali hii ina jamaa zake, na hao ndio wanaosema na mkubwa: mpanda ngazi hushuka, cheo ni dhamana. Hii yetu haihangaiki naye. Inamgeukia mtu wa chini na kumwagiza kazi. Kazi hiyo ni ipi, ndipo tunapotofautiana, na sijui mahali pa kuliamulia jambo hilo panapofaa kuliko Walikale.

Ntabo Ntaberi Sheka alizaliwa huko mwaka 1976. Kabla ya kushika bunduki alikuwa mtu wa biashara ya madini, katika miaka ambayo Walikale nzima ilikuwa ikiitazama Bisie, mlima wa kasiterite, madini ya bati, katikati ya msitu. Huko mwenye shimo aliitwa PDG, cheo cha mkurugenzi mkuu wa kampuni, hata kama ofisi yake ilikuwa turubai juu ya miti minne. Chini yake walikuwapo wachimbaji, na chini ya wachimbaji wapagazi, waliopita msituni hadi Njingala na gunia la kilo 50 mgongoni, wakitozwa na wenye bunduki njiani. Kutoka hapo mzigo ulikwenda Kilambo, ambako ndege ndogo zilitua juu ya barabara ya lami na kuondoka nao kwenda Goma. Kijana aliyekulia karibu na mlima ule alijifunza mapema nani yuko juu na nani yuko chini, na kwamba kati yao kuna bunduki.

Mwaka 2009 Sheka akaanzisha kundi lake, Nduma Defence of Congo, ambalo watu walilifupisha wakaliita Mai-Mai Sheka. Alisema anawatetea wana wa Walikale waliosahauliwa na serikali. Malalamiko hayo hayakuwa ya uongo. Waliosahauliwa walikuwapo, tena wengi. Ila tangu 30 Julai hadi 2 Agosti 2010, wapiganaji wake, pamoja na wa FDLR, waasi wa Kihutu kutoka Rwanda, na waasi wengine, waliingia katika vijiji 13 vya barabara ya Kibua na Mpofi, Luvungi kikiwamo. Uchunguzi wa Umoja wa Mataifa ulihesabu watu 387 waliobakwa: wanawake 300, wasichana 55, wanaume 23, wavulana 9. Watu 116 walichukuliwa kwa nguvu kubebeshwa mizigo ya uporaji. Wana wa Walikale aliosema anawatetea ndio hao.

Januari 2011 ikatolewa hati ya kumkamata. Mwaka huo huo akagombea ubunge wa Walikale, akafanya kampeni hadharani. Alikuwa na miaka 35. Tarehe 28 Novemba 2011, siku ambayo Kongo nzima ilikuwa kwenye foleni ya kura, Umoja wa Mataifa ukamwekea vikwazo. Kiti hakukipata. Namtaja hapa kama mwanasiasa kwa makusudi, maana ndivyo alivyojitambulisha, na kwa sababu tumezoea kuzitenga njia mbili, ya msitu na ya bunge, wakati huko Walikale na wilaya jirani ya Masisi zimekuwa zikikutana mara nyingi mno. Huyo ndiye kielelezo cha "mfuate huko huko". Aliwaona waliopanda kwa bunduki na madini, akapanda kwa bunduki na madini. Alipofika juu, waliokuwa chini walibaki pale pale, wakiwa na mtu mmoja zaidi wa kuwakanyaga.

Sasa turudi kwa wanaongoja. Luvungi, Agosti 2010, palikuwa na njia tatu za kungoja, na zote tatu watu huziita kwa methali hii moja.

Ya kwanza ni ya kusema Mungu atalipa na kunyamaza. Sitaidharau sala ya mtu aliyeumizwa. Pengine ndiyo iliyomwezesha kuamka asubuhi. Lakini mhubiri anayemwambia mama wa Luvungi anyamaze angoje, halafu Jumapili ijayo akaipokea sadaka ya mfanyabiashara aliyenunua kasiterite ya waporaji, huyo hafundishi subira. Anamlinda aliye juu. Viongozi wetu wa dini walisikie hili bila kukasirika, na wakikasirika, shauri yao.

Ya pili ni kumngoja chini na panga. Eneo letu linakujua kungoja huko vizuri kupita kiasi. Machi 1993 wauaji waliingia katika soko la Ntoto, huko huko Walikale, na mauaji yakapanda Masisi, yakala maelfu ya watu, Wahunde, Wanyanga, Wahutu, Watutsi, kila jamii ikiwa na hesabu yake ya nani alikuwa juu jana na anastahili kungojwa leo. Tangu siku hiyo kila kundi lenye silaha katika milima ile limejieleza kuwa linawangojea wakubwa wa upande wa pili. Wanaoanguka katika kungoja huko ni watu wa sokoni, wenye vikapu vya maharage, ambao maisha yao yote hawajapata kuwa juu ya chochote.

Ya tatu ndiyo ninayoamini wahenga waliiagiza. Mdai hamngoji mdaiwa kwa kumwombea avunjike mguu. Anaitunza hesabu, anawakumbusha mashahidi, ili siku mdaiwa akitokea asiweze kusema hajui. Wapo wanawake wa vijiji vile waliongoja hivyo. Walisema kilichowapata wakati kukisema kulikuwa na gharama: waume walioondoka, majirani waliowanyooshea kidole, watoto walioulizwa baba yao ni nani. Walirudia kusema mbele ya wachunguzi, na baada ya miaka wakatakiwa kusema tena. Mayele, mmoja wa wasaidizi wakuu wa Sheka, alikamatwa Oktoba 2010 akafa gerezani kabla ya kuhukumiwa, na yule aliyekuwa na la kusema juu yake akabaki nalo. Hata hivyo waliendelea.

Sheka mwenyewe alitokea 26 Julai 2017, akajisalimisha kwa MONUSCO, walinda amani wa Umoja wa Mataifa. Ukipenda, hakuanguka, alishuka. Nguvu zilikuwa zimemwishia, hasa baada ya naibu wake, Guidon Shimiray Mwissa, kujitenga naye mwaka 2014 na kuondoka na sehemu kubwa ya wapiganaji. Hapa nataka msomaji atulie kidogo. Mtu aliyeshuka kwa miguu yake mwenyewe angeweza kukuta chini patupu. Si wakuu wachache huku Kivu walioshuka wakakuta patupu: wakapewa nyota begani, wakapewa gari, wakaitwa waheshimiwa. Kama sheria ya maumbile pekee ndiyo ingekuwa kazini, Sheka naye angeshuka tu kutoka mti mmoja na kupanda mwingine. Kilichoizuia safari hiyo ni kwamba chini palikuwa na watu, na watu hao walikuwa na majina, tarehe na maneno waliyoyatunza. Kesi ilianza Goma Novemba 2018. Tarehe 23 Novemba 2020 mahakama ya kijeshi ikamhukumu kifungo cha maisha, kwa mauaji, ubakaji, utumwa wa ngono na kuwaingiza watoto katika kundi lake. Miaka kumi na ushei tangu Luvungi.

Kwa hiyo namkatalia anayesema hukumu ile ilithibitisha kuwa wakubwa huanguka. Ilithibitisha kuwa walio chini walikuwa macho.

Tofauti hiyo inaonekana ukivuka kwenda Masisi. Édouard Mwangachuchu, mbunge wa Masisi na mwenye kampuni ya kuchimba koltani Rubaya, alikamatwa Machi 2023, na Oktoba mwaka huo huo mahakama kuu ya kijeshi Kinshasa ikamhukumu kifo kwa uhaini na kushirikiana na waasi wa M23. Alikana mashtaka. Sitafuti kuihukumu upya kesi yake. Ninachosema ni kuwa methali ilitajwa sana siku ile, na mimi sikuona mahali pake. Aliyemshusha hakuwa chini. Ni mamlaka moja ya juu iliyomshika mtu mwingine wa juu. Mchimbaji wa Rubaya anayetambaa ndani ya shimo na tochi kichwani hakuulizwa habari ya ujira wake, wala ya wenzake waliofukiwa na udongo. Mwishoni mwa Aprili 2024 M23 ikauteka mji huo, na koltani ikaendelea kutoka kwa mikono ile ile. Mkubwa akishushwa na mkubwa mwenzake, mtu wa chini hubadilishiwa tu jina la kumwogopa.

Na huko Walikale nako ngazi haikuondolewa. Guidon, aliyetoka ubavuni mwa Sheka, aliunda NDC-Rénové na kutawala sehemu kubwa ya nchi ile ile, Pinga hadi ndani ya Masisi. Alitiwa katika vikwazo vya Umoja wa Mataifa Februari 2018. Hati ya Kongo ya kumkamata ikatolewa Juni 2019, kwa makosa yanayofanana na ya bwana wake wa zamani. Vita vya M23 viliporudi, akahesabiwa miongoni mwa Wazalendo, wanamgambo wanaopigana upande wa serikali. Najua kuna vijana wanaomshangilia, na najua kwa nini: adui yu mlangoni, na mwenye bunduki huonekana mwokozi. Wazazi wao walisikia maneno kama hayo mwaka 2009.

Ndiyo maana siwezi kuvumilia kuiona methali hii ikigeuzwa kuwa usingizi. Mahakama iliyomhukumu Sheka ilikaa Goma, na Goma iliangukia mikononi mwa M23 mwishoni mwa Januari 2025. Machi mwaka huo hata Walikale-kati ikaingiwa, kwa wiki chache. Mama wa Pinga mwenye ushahidi sasa, dhidi ya mtu wa upande wowote ule, hana pa kuupeleka. Basi auandike, au amtafute wa kumwandikia: mwalimu, muuguzi wa kituo cha afya, katekista, mtu wa shirikisho la wakulima. Jina la kijiji, siku ya wiki kama tarehe imepotea, nani aliongoza, walivaa nini, walizungumza lugha gani, walichukua nini. Nakala moja ibaki kijijini, nyingine iende mbali na vita. Wanawake wa barabara ya Kibua walianza na vitu vidogo kama hivyo, Agosti 2010, wakati Sheka alipokuwa bado juu na hakuna aliyejua kama atashuka.