Je, Hatia ya Babu Hurithiwa?

Wahenga walisema mtoto wa nyoka ni nyoka. Je, ni haki kumhukumu mtu kwa kosa la aliyemzaa? Nitalijibu swali hili kwa kuwatazama watu wa Australia wanaotafuta habari za mababu zao waliopelekwa huko wakiwa wafungwa.

Kati ya mwaka 1788 na 1868, Uingereza ilisafirisha wafungwa wapatao 162,000 kwenda Australia. Wengi walikuwa wezi, na adhabu zao zilikuwa miaka 7, miaka 14 au maisha. Kwa muda mrefu wajukuu wao waliona haya, wakauficha ukoo. Hata Mary Reibey, aliyehukumiwa miaka 7 akiwa msichana mdogo kwa kuiba farasi, kisha akawa mfanyabiashara tajiri, aliandikisha katika sensa ya 1828 kwamba aliingia nchini mwaka 1821 akiwa mtu huru. Ni kweli mwaka huo alirejea kutoka safari ya Uingereza. Lakini alivyofika mara ya kwanza, mwaka 1792, alikunyamazia. Leo sura yake imo katika noti ya dola 20, na wengi hujivunia kumpata mfungwa katika ukoo wao.

Kwa maoni yangu, aibu ile haikuwa na msingi, na fahari hii pia haina. Mjukuu hakuiba farasi wala hakufungwa pingu. Kosa ni la aliyelitenda, na uvumilivu ni wa aliyeteseka.

Hata hivyo, kuna kitu kinachorithiwa, nacho ni mali. Gavana wa kwanza, Arthur Phillip, aliagizwa kumpa mfungwa aliyeachiwa huru ekari 30 za ardhi, na 20 zaidi akiwa na mke. Ardhi hiyo ilikuwa ya wenyeji wa asili, nao hawakuulizwa. Wizi wa farasi uliandikwa mahakamani kuwa wizi. Kuchukuliwa kwa ardhi kuliandikwa kuwa zawadi.

Basi anayetafuta habari za babu yake asiishie kwenye hukumu. Asome mpaka hati ya shamba, aulize lilikuwa la nani kabla. Mtoto wa nyoka si lazima awe nyoka. Lakini akiendelea kulala katika shimo ambalo baba yake alimfukuza mwenyewe, hawezi kusema kwamba jambo hilo halimhusu.