Je, Kufurahia Uongo Ulio Wazi ni Dhambi?

Swali hili limetufikia kutoka kwa wazee wa usharika mmoja wa Iramba, nasi twaona lawahusu wengi. Vijana watatu wa darasa la kipaimara walionekana mara nyingi katika kibanda cha video, wakitazama sinema za zamani za dinosaria, yaani ile mijusi mikubwa sana iliyokuwako duniani kale. Wazee wengine wakasema, Vijana hawa wasibarikiwe mwaka huu, maana wapenda uongo, na uongo una baba yake. Wengine wakasema, Ni mchezo tu. Shauri likakwama, nasi tukaulizwa.

Kwanza yafaa kueleza sinema hizo ni za namna gani, maana wako wazihukumuo bila kuziona. Hadithi yake karibu ni moja siku zote. Watu wachache, yaani mtaalamu mzee, kijana hodari na msichana mmoja au wawili, wasafiri mpaka nchi isiyojulikana: kisiwa, au bonde lililofichika, au hata sayari nyingine. Huko waikuta mijusi ya kale ingali hai. Wakimbizwa, wengine waliwa, mlima watoa moto, na waliosalia warudi kwao. Nyingi zilitengenezwa kwa fedha kidogo, na umaskini huo haukufichwa. Sinema ya Marekani iitwayo King Dinosaur, ya mwaka 1955, ilipigwa kwa siku 7 tu; na yule mnyama atishaye kuliko wote ni iguana, mjusi wa kufugwa, aliyepigwa picha kwa karibu ili aonekane kama mlima. Katika The Land Unknown, ya mwaka 1957, dinosaria ni mtu aliyevaa vazi la mpira. Mtoto wa miaka minane aweza kulitambua hilo. Naye alitambua, akacheka, wala haondoki katika benchi lake.

Hapo ndipo penye ajabu. Zamani walikuwako wakubwa wa sinema za serikali ya Kiingereza, kama William Sellers, walioshika kwamba Mwafrika asionyeshwe hila za kamera, kwa kuwa hataweza kuzifahamu. Laiti wangaliketi jioni moja katika kibanda cha Singida, na kusikia vijana wakibishana mkia ule umevutwa kwa kamba ya namna gani!

Kwa nini basi wazipenda? Twadhani sababu ni kwamba kitu kilichokamilika mno hakimwachii mtazamaji kazi yo yote. Mjusi wa mpira ni maskini, amwomba mtazamaji amsaidie. Ni kama bibi asimuliaye habari za zimwi jioni. Bibi hana zimwi; ana sauti yake, na moto wa jikoni, na kivuli ukutani. Hofu ni yetu wenyewe, twamkopesha, naye aturudishia pamoja na faida. Wala hatujamsikia mjukuu akimwambia bibi, U mwongo wewe. Msimulizi husema Paukwa, msikilizaji huitikia Pakawa, na tangu hapo wamepatana. Mfasiri wa sinema, kazi iliyompatia sifa Lufufu wa Dar es Salaam, hufanya vivyo hivyo: huweka Kiswahili na mizaha yake juu ya picha ya kigeni, hata ikawa hadithi ya nyumbani.

Wala Maandiko hayaogopi jambo hili. Katika Waamuzi sura ya 9 Yothamu asimama juu ya mlima Gerizimu na kusimulia habari za miti iliyokwenda kujitafutia mfalme. Miti haiendi. Kila mtu wa Shekemu alijua hivyo, wala hakuna aliyemshitaki Yothamu kwa uongo. Walichomchukia ni ile kweli iliyokuwamo.

Kudanganya ni kutaka mwenzako asadiki lile ujualo si kweli. Mwaka 1922 Arthur Conan Doyle, mwandishi wa kitabu kiitwacho The Lost World, aliwaonyesha wafanya mazingaombwe wa New York picha za dinosaria wakienda na kupigana, wala hakuwaambia zimetoka wapi. Gazeti moja kubwa la mji likaandika kama lisilojua la kusema. Kesho yake alieleza kwa barua kwamba ni sanamu zilizofanyizwa kwa ajili ya sinema. Twaona kwamba kwa usiku mmoja alikuwa karibu na mpaka, na barua yake ilimrudisha. Sinema yenyewe ilipotoka mwaka 1925 haikumdanganya mtu.

Mzee mmoja ameandika kwamba kijana azoeaye kucheka na uongo leo, kesho atacheka na Injili. Twaheshimu hofu yake, ila twaona kinyume. Siku hizi watu wetu wauziwa maji na mafuta ya kuponya kila ugonjwa, na wenye kuyauza wana mavazi mazuri, na vyombo vya muziki, na mashahidi waliopangwa. Hapo hakuna Paukwa. Kijana ajuaye kutafuta kamba ya mkia, twategemea ataitafuta na huko pia.

Lakini hatujamaliza, maana Amri ya Nane haisemi juu ya mijusi. Yasema juu ya jirani, kwamba asishuhudiwe uongo. Basi tuwaache wanyama, tuwatazame watu waliomo katika sinema hizo. Katika The Lost World ile ya 1925 yumo mtumishi mweusi aitwaye Zambo, na aliyemwigiza ni Mzungu, Jules Cowles, aliyepakwa weusi usoni. Katika King Kong ya 1933, ambayo nyingi za hizo ndogo ziliifuata, wenyeji weusi wa kisiwa kazi yao ni kupiga ngoma na kumtoa msichana kwa mnyama. Hapa kijana wetu hacheki wala hatafuti kamba, kwa kuwa hakuna aliyemwambia kwamba na hili pia ni vazi. Mjusi alijulikana kuwa wa bandia. Mtu mweusi alipita kama ndiye wa kweli.

Na kweli yenyewe imo katika nchi yetu. Tendaguru, katika mkoa wa Lindi, Wajerumani wa jumba la makumbusho la Berlin walichimba mifupa ya dinosaria tangu mwaka 1909 hata 1913, mifupa ambayo wataalamu huihesabia miaka kama milioni 150. (Nasi hatuoni sababu ya kuiogopa hesabu hiyo, Mungu hana haraka.) Nchi ile ilikuwa imetoka tu katika vita vya Maji Maji na njaa yake. Waliochimba ni watu wa huko, nao wakati wa kazi nyingi walifika kama 500. Zaidi ya tani 200 zilichukuliwa vichwani na mabegani mpaka Lindi, mwendo wa siku nne hivi, kisha zikapakiwa merikebuni. Msimamizi wao mkuu aliitwa Boheti bin Amrani, naye aliijua mifupa ile kwa macho na mikono. Mjusi mkubwa alisimamishwa Berlin mwaka 1937, urefu wake kwenda juu wapita meta 13. Jina la Boheti lilingoja hata mwaka 2007, ndipo mtaalamu mmoja alipomwita dinosaria mwingine wa Tendaguru Australodocus bohetii. Mchukuzi asiye na jina katika sinema, yule wa kwanza kuliwa, kumbe ndiye aliyeleta mifupa ulimwenguni.

Liko na neno la wanyama. Katika One Million B.C. ya mwaka 1940 mamba mchanga aligandishwa pezi mgongoni, akapiganishwa na mjusi mwingine mbele ya kamera. Na kipande hicho kilitumiwa tena na tena katika sinema nyingine za bei ndogo. Maumivu yale hayakuwa ya kuigiza. Na mwishoni mwa King Dinosaur mashujaa wakilipua kisiwa kizima kwa bomu la atomiki na kuona kwamba wameleta ustaarabu. Twapenda vijana waulizwe juu ya hayo kabla ya kuulizwa juu ya mpira.

Basi kwa wazee wale tumejibu hivi. Vijana wabarikiwe, wakijua Katekisimo yao. Kama wametoroka shule au wametwaa kiingilio katika mfuko wa mama, hilo ni shauri jingine, lihukumiwe peke yake. Na mwalimu wao aende nao kibandani mara moja, kisha wakirudi awaulize ni nani katika picha ile alishuhudiwa uongo.

Sinema ya Boheti bado hatujaiona. Ikitengenezwa na vijana wa Lindi au wa Singida, mjusi akiwa wa magunia na udongo, na kamba ikionekana, tutalipa kiingilio, na wazee wale tutawachukua pamoja nasi.