Mtumishi Akiulizwa, Amevunjiwa Heshima?

Katika masomo ya viongozi wa seli mwezi huu tumekuwa tukiuliza: utajuaje kwamba kiongozi anakua? Wengi tulijibu haraka. Anakua akipewa seli kubwa, akishika maikrofoni, akianza kuitwa kwa cheo. Leo nataka tuangalie kipimo kingine, ambacho hakipendezi sana. Je, anavyozidi kupanda, bado anaulizika? Na akiulizwa, hasa mambo ya pesa, tumemvunjia heshima?

Swali hili linanihusu. Mimi ni mchungaji msaidizi, na kabla ya kuingia kwa huduma nilisomea biashara. Kila mwezi mtunza hazina wetu ananiitisha risiti za nauli ya kutembelea wagonjwa na hesabu ya mchango wa vijana. Ni mama mpole, lakini bila risiti hakuna kitu. Najua vile moyo husema wakati huo: kwani hawaniamini? Si ni mimi niliyewaombea juzi? Moyo huo kila kiongozi anao, kuanzia anayepanga viti hadi askofu.

Wanaosema mtumishi hafai kuulizwa wana andiko lao. Ni Zaburi 105, pale Mungu anapokataza watu kuwagusa masihi wake. Hebu tusome zaburi yote, si mstari mmoja. Inawazungumzia Abrahamu, Isaka na Yakobo, wakiwa wachache na wageni, wakitangatanga kutoka taifa hadi taifa. Waliokemewa ni wafalme ambao wangeweza kuwadhuru. Huo ni ulinzi wa mnyonge mbele ya mwenye nguvu, na sisi tumeugeuza ukawa ulinzi wa mwenye nguvu mbele ya mnyonge. Hata Daudi, ambaye aliogopa kweli kumnyoshea Sauli mkono, alitoka pangoni huko Engedi akiwa na kipande cha vazi la mfalme, akamuuliza mbele ya jeshi lake kwa nini anamwinda (1 Samweli 24). Mkono aliuzuia, swali hakulizuia.

Lakini kuna andiko lingine ambalo ni gumu zaidi, na si haki tuliruke. 2 Wafalme 12:15 inasema kwamba watu waliokabidhiwa fedha za mafundi wa hekalu hawakudaiwa hesabu, kwa sababu walitenda kwa uaminifu. Ukiusoma mstari huo peke yake, utasema: unaona? Mwaminifu haulizwi, basi ukimuuliza mtu ni kama umemwita mwizi.

Sasa rudi nyuma kidogo kwa sura hiyo hiyo. Mfalme Yoashi alikuwa amewaambia makuhani wapokee fedha na kutengeneza nyumba ya Bwana. Mwaka wa 23 wa utawala wake ukafika, nyufa bado ziko. Biblia haisemi makuhani waliiba. Inasema tu kazi haikufanyika. Mfalme akawaita, pamoja na kuhani Yehoyada, akawauliza waziwazi. Ndipo Yehoyada akachukua sanduku, akatoboa tundu kwenye kifuniko, akaliweka kando ya madhabahu. Kila fedha zilipojaa, katibu wa mfalme na kuhani mkuu walikuja pamoja, wakazihesabu na kuzitia mifukoni. Kwa biashara tunaita hiyo kugawanya majukumu: anayepokea hahesabu peke yake, na anayehesabu siye anayetumia.

Kwa hivyo wale waaminifu wa mstari wa 15 walipokea fedha ambazo tayari zilikuwa zimehesabiwa na watu wawili kutoka ofisi mbili. Kazi yao nayo ilikuwa ukutani, kila mtu angeweza kuiona. Imani waliyopewa ilikuwa na msingi. Na mtu aliyeliweka lile sanduku alikuwa kuhani mwenye cheo kikubwa. Yehoyada aliulizwa, hakununa, akatengeneza njia ambayo hata yeye mwenyewe angehesabu akiwa na shahidi. Huko ndiko kukua ninakotaka kuonyesha.

Kwa nini mkubwa ndiye aulizwe zaidi? Kwanza, kosa lake linaumiza wengi. Pili, kadiri anavyopanda, ndivyo watu wanaoweza kumwambia ukweli wanavyopungua. Kijana wa seli akikosea, kumi watamrekebisha. Askofu akikosea, waliomzunguka wanatazama viatu. Yule wa chini hana nguvu ya kufungua mlango huo, lazima ufunguliwe na aliye ndani. Petro aliufungua. Alipotoka kwa Kornelio, ndugu wa Yerusalemu walimshutumu (Matendo 11). Alikuwa mtume, na Roho alikuwa ameshuka mbele ya macho yake. Hakuwaambia wanyamaze kwa sababu ya upako wake. Aliwaeleza yote kwa mpangilio tangu mwanzo, na alikuwa amekuja na ndugu sita walioshuhudia.

Wakenya hatuhitaji kutafuta mbali gharama ya kiongozi asiyeulizwa. Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi, ilifukuliwa zaidi ya miili 400 ya watu wazima na watoto, wengi wakiwa wamekufa kwa njaa. Hukumu ni ya mahakama na ya Mungu. Lakini kila kanisa lijiulize: kwetu, mhubiri akisema jambo baya, nani atasimama? Mtu akishazoezwa kwamba kuuliza risiti ni dhambi, atapata wapi ujasiri wa kuuliza juu ya uhai wa mtoto wake?

Najua pia kuna maswali yasiyotafuta jibu. Mtu ana uchungu na mchungaji, anatupa tetesi kwa grupu ya WhatsApp usiku, asubuhi jina la mtu limeharibika. Paulo alimwambia Timotheo asipokee mashtaka juu ya mzee bila mashahidi wawili au watatu. Soma na mstari unaofuata: wanaodumu katika dhambi wakemewe mbele ya wote. Kwa hivyo mzee analindwa dhidi ya uvumi, lakini halindwi dhidi ya ukweli. Ukiwa na swali, lilete mezani, kwa jina lako, kwa mtu anayeweza kulijibu.

Mama anayeuza mboga akituma shilingi 50 kwa Paybill ya kanisa, hajui zitafika wapi. Ametuamini. Kumwonyesha zilikofika si kumfanyia hisani, ni deni. Paulo mwenyewe, akipeleka mchango wa watakatifu wa Yerusalemu, alikubali kuandamana na ndugu waliochaguliwa na makanisa, asije akalaumiwa (2 Wakorintho 8). Alitaka jambo liwe jema mbele za Bwana na pia mbele za wanadamu.

Viongozi wa seli, wiki hii fanyeni jambo moja. Kabla hujaulizwa, wasomee watu wako hesabu ya mchango, na umwachie mwingine daftari alipitie. Halafu nyamaza, wape nafasi waulize. Jumapili ya mwisho wa mwezi ripoti ya kanisa itasomwa baada ya ibada ya pili, na matumizi ya ofisi yangu yamo ndani. Msikimbilie chai. Kaeni, mtuulize.