Mpaka na Haki ya Jirani

Swali ninalotaka kulitafakari ni la kale, nalo ni hili: mpaka wa dola una haki gani juu ya dhamiri ya mtu? Sisemi juu ya mwili, kwa sababu hapo hapana utata. Ofisa wa uhamiaji anao uwezo wa kuuzuia mwili, na mwili hutii. Nasema juu ya dhamiri, yaani ile sehemu ya mtu inayojua kwamba amekosa hata pale ambapo askari hakumwona. Aliyeiba mayai anajua kuwa ameiba. Lakini mama wa Busia aliyepita njia ya panya na trei mbili za mayai ili amfikishie shemeji yake upande wa pili, hata akikamatwa na mayai yakachukuliwa, aghalabu hurudi nyumbani na hasara, wala harudi na toba. Ama dhamiri yake ni butu, ama mpaka ule una kasoro ambayo yeye anaihisi na mwanasheria haioni.

Tuitazame kwanza nchi yenyewe. Mpaka wa Kenya na Uganda ukitoka Ziwa Viktoria huingia barani kwa mdomo wa Mto Sio, kisha huuacha mto na kuukata mji wa Busia katikati, ukaelekea kaskazini hadi Malaba, ambako hushika tena njia ya maji, na kwa Mto Lwakhakha ukapanda hata Mlima Elgon. Upande wa Uganda, mwendo mfupi kutoka Malaba, umeketi mji wa Tororo chini ya jabali moja kubwa lililosimama peke yake, ambalo dereva wa lori huliona akiwa bado Kenya; na lau dola zingegawanywa kwa alama za maumbile, jabali hilo lingekuwa na haki zaidi ya kuitwa mpaka kuliko vijito na njia za miguu zilizopewa kazi hiyo. Wasamia wako kandokando ya Sio na ziwa, pande zote mbili. Wateso wameenea kutoka Amukura, Kenya, hadi Tororo na mbele zaidi. Wabukhayo wamehesabiwa kuwa wa Kenya, na ndugu zao Wabagwe wakahesabiwa kuwa wa Uganda. Na katikati ya hao wote, karibu na Tororo, wapo Wapadhola, ambao lugha yao ni ya ukoo wa Kijaluo.

Kabla ya 1902 mpaka huu haukuwapo. Nchi yote kutoka hapa hata Naivasha ilikuwa Mkoa wa Mashariki wa Himaya ya Uganda. Mwaka huo Waingereza wakauhamisha mkoa ule kwa maandishi, ukaingizwa katika Himaya ya Afrika Mashariki, ambayo baadaye iliitwa Kenya, na 1926 amri ya mfalme katika baraza lake ikauthibitisha mstari. Mtu aliyezaliwa Amukura katika miaka ile ya mwisho wa karne alikuwa wa Uganda akiwa mtoto na wa Kenya akiwa kijana, naye hakuhamisha hata jiwe la meko. Tena Katiba ya Uganda ya 1995 imeitia tarehe hiyo katika msingi wa uraia wenyewe, kwa kuwa inamtambua kuwa raia wa kuzaliwa yule aliyezaliwa Uganda ambaye mzazi wake au babu yake ni wa mojawapo ya jamii za asili zilizokuwamo ndani ya mipaka ya nchi tarehe 1 Februari 1926, na katika orodha ya jamii hizo wamo Wateso, Wasamia, Wabagwe na Wapadhola. Basi taifa huru, likitafuta kujua nani ni wake tangu asili, lilirejea kwenye siku iliyochaguliwa na mtawala wa kigeni. Sisemi hivyo kwa kejeli, kwani sijui siku nyingine ambayo lingeweza kuichagua pasipo kuzusha fitina. Nasema tu kwamba asili yetu imeandikwa kwa kalamu isiyokuwa yetu.

Wanazuoni wa dini, wa Msikitini na wa Kanisani, hawakulipuuza jambo la mipaka. Kurani inafundisha kuwa Mwenyezi Mungu aliwajaalia watu kuwa mataifa na makabila ili wajuane, na Paulo, alipowahutubia Waathene, alisema kuwa Mungu aliyewaumba wote kutokana na asili moja ndiye aliyewawekea nyakati na mipaka ya makazi yao. Anayetaka kuutukuza mpaka atashika maneno hayo na kusema, mmeona, mipaka imetoka juu. Lakini na atazame zaidi. Torati inapomlaani mtu asogezaye alama ya mpaka, inamtaja jirani mwenye alama ile. Na Mtume alipoonya juu ya adhabu ya anayepora shubiri moja ya ardhi, alikuwa akimtetea mwenye ardhi aliyedhulumiwa. Katika mafundisho yote mawili kinacholindwa ni mtu aliye upande wa pili, na jiwe lililosimama baina ya wawili lina heshima kwa ajili yake. Kwa hiyo utukufu wa mpaka ni utukufu wa kuazima: umeazimwa kutoka kwa jirani, yule ambaye Jibrili alimwusia Mtume juu yake mara kwa mara hata akadhani kuwa atafanywa mrithi. Siku mpaka unapotumika kumnyima jirani haki yake, kile kilichoazimwa hurudi kwa mwenyewe, na kinachobaki pale ni kizuizi cha chuma na askari.

Wapo watakaonijibu kwamba kasoro ya Busia ni kuwa mpaka wake ulichorwa na wanadamu, na kwamba mataifa yaliyochorewa mpaka na Muumba, yaani visiwa, yamesalimika na balaa hili. Hoja hii ni tamu, na mahali pa kuipimia ni Kupro, kisiwa ambacho wasomaji wa Biblia wanakijua kwa jina la Kipro, nyumbani kwa Barnaba, katika pembe ya mashariki ya Bahari ya Mediterania. Eneo lake lote ni kilomita za mraba 9,251; kina milima ya Troodos, ambayo kilele chake kina mita 1,952, na safu nyingine nyembamba kaskazini, na baina yake uwanda wa nafaka. Bahari imekizunguka pande zote, na hapana mwanasheria awezaye kubishana na bahari. Kilipopata uhuru tarehe 16 Agosti 1960, watu wake walikuwa Wagiriki wa Kanisa la Kiorthodoksi, wanaokaribia wanne katika kila watano, na Waturuki Waislamu waliokuwa wachache. Na katiba ikawapimia serikali kama wapimavyo warithi wasioaminiana: rais Mgiriki, makamu Mturuki, viti vya Bunge sabini kwa mia huku na thelathini kwa mia kule.

Rais wa kwanza alikuwa Askofu Mkuu Makarios wa Tatu. Huyu si mgeni kabisa kwetu, kwa maana Waingereza walimpeleka uhamishoni Shelisheli mwaka 1956, katika visiwa vilevile walivyowapeleka Kabaka Mwanga wa Buganda na Omukama Kabalega wa Bunyoro baada ya kuwakamata mwaka 1899. Na seminari ya Waorthodoksi iliyoko Riruta, Nairobi, ina jina lake hata leo. Pamoja na heshima yake yote, na pamoja na bahari yote ile, Desemba 1963 damu ilimwagika baina ya raia wake, na jenerali mmoja wa Kiingereza akachukua penseli ya kijani akapiga mstari juu ya ramani ya mji mkuu, Nicosia, kuwatenga Wagiriki na Waturuki. Tarehe 4 Machi 1964 Umoja wa Mataifa uliamua kupeleka askari wa kulinda amani, na mpaka leo hawajaondoka. Julai 1974 wanajeshi walimpindua Makarios kwa msaada wa watawala wa kijeshi wa Ugiriki, na siku tano baadaye majeshi ya Uturuki yakashuka. Ule mstari ukanyoshwa kukata kisiwa kizima kwa urefu wa kilomita 180 hivi, na watu wapatao laki mbili wakayaacha makwao, Wagiriki wakikimbilia kusini na Waturuki wakienda kaskazini.

Hapa pana jambo ambalo mimi siwezi kulipita haraka. Karibu na Larnaca, upande wa Wagiriki, liko kaburi la Umm Haram, mwanamke wa zama za Mtume aliyefuatana na jeshi la Muawiya katika karne ya saba, akaanguka kutoka juu ya nyumbu wake akafa na kuzikwa pale. Waislamu wa kisiwani hulizuru kaburi hilo kwa taadhima kubwa. Na karibu na Salamis, upande wa Waturuki, iko nyumba ya watawa ya Mtakatifu Barnaba, na kaburi lake karibu nayo. Kwa hiyo kila upande ukawa umeshika amana ya mwenziwe, na kwa takriban miaka thelathini, mpaka vivuko vilipofunguliwa Aprili 2003, mzee wa Kiislamu wa kaskazini alikuwa karibu na kaburi la Umm Haram kwa hesabu ya maili, na mbali nalo kuliko Makka kwa hesabu ya ruhusa. Bahari haikumsaidia. Basi maumbile hayafanyi taifa, kama kalamu isivyolifanya, na hoja ya visiwa imeanguka katika kisiwa.

Tukirudi Busia tukiwa na Nicosia mawazoni, tutaona kitu cha kustaajabisha, nacho ni kwamba mji uliokatwa na mgeni umeshikamana zaidi kuliko mji uliogawanywa na ugomvi wa wenyewe kwa wenyewe. Asubuhi mapema, kabla malori hayajaanza kunguruma, wanaume wasiojiweza miguu hupita na baiskeli zao za magurudumu matatu, wakizungusha kanyagio kwa mikono, huku magunia ya nafaka yakiwa yamepangwa nyuma yao hata kichwa cha mwendeshaji hakionekani. Wabadilishaji fedha husimama na vibunda vya noti za nchi mbili mkononi, hadharani, pasipo kaunta wala kioo. Tarehe 24 Februari 2018 Marais Uhuru Kenyatta na Yoweri Museveni walikizindua kituo cha pamoja cha mpakani, ambapo msafiri hukaguliwa mara moja tu, katika nchi anayoingia. Kitambulisho cha taifa kinatosha kumvusha Mkenya au Mganda. Na mfanyabiashara mdogo mwenye bidhaa za Afrika Mashariki zisizozidi thamani ya dola 2,000 anaweza kuzivusha bila ushuru wa forodha kwa cheti chepesi. Yaani sheria yenyewe, baada ya miaka mingi, imekiri kwamba yule mama wa mayai hakuwa na dhamiri butu. Ila nitakuwa mwongo nisiposema upande wa pili: anayepitisha lori la magendo usiku, akijificha nyuma ya udugu wa Wasamia, hamtetei jirani yeyote, bali anawaibia majirani wa pande zote mbili, kwa sababu kodi ni haki ya wengi.

Wala sikubaliani na wale ambao, kwa kuwa mpaka ulichorwa kwa dhuluma, wangependa uchorwe upya kwa haki. Idi Amin alikuwa na ukweli wa historia mkononi alipotangaza Februari 1976 kwamba sehemu kubwa ya magharibi ya Kenya ilikuwa ya Uganda zamani. Hakusema uongo juu ya 1902, na ukweli huo ulikaribia kuleta vita. Viongozi wa Afrika waliokutana Kairo Julai 1964, kwa hoja iliyotolewa na Mwalimu Nyerere, waliazimia kuiheshimu mipaka waliyoikuta siku ya uhuru, na nadhani walifanya hivyo kwa kujua kwamba ugonjwa huu una dawa kali kuliko ugonjwa. Tena tusijidanganye kwamba Mzungu peke yake ndiye apendaye mistari. Tororo kwenyewe, Wateso na Wapadhola wamezozana miaka mingi juu ya kugawanywa kwa wilaya yao, na juu ya nani aupate mji; hapo hapana penseli ya mgeni, ni majirani wanaodai mpaka kwa sauti zao wenyewe, na kila upande una wazee wake, madai yake na makaburi yake ya kuonyesha.

Hukumu yangu basi ni kwamba mpaka wa dola ni ahadi iliyowekwa baina ya watu, na kama ahadi nyingine zote unastahili kutimizwa. Lakini si kitu kitakatifu, na kipimo cha uhalali wake ni yale mambo ambayo jirani hawezi kuyaahirisha. Biashara huweza kungoja cheti, na posa huweza kungoja mwezi. Mauti hayangoji. Machi 2020, maradhi ya korona yalipoingia, Uganda ilifunga mipaka yake kwa abiria na kuacha malori ya shehena yapite, foleni ya Malaba ikawa ya makumi ya kilomita, ikawa saruji na mafuta vina ruhusa ya kuvuka na mfiwa hana. Sikatai kwamba hofu ilikuwa ya haki na kwamba serikali ilikuwa na wajibu wa kulinda uhai. Ninacholaumu ni kwamba katika hesabu ile, aliyekuwa na mzigo alikumbukwa tangu siku ya kwanza, na aliyekuwa na matanga ng'ambo ya barabara hakuwa na fungu lake.

Mpaka huu utafungwa tena siku moja, kwa maana maradhi na fitina havijaisha duniani. Nawasihi wenye mamlaka wa Nairobi na Kampala, na wabunge wa Jumuiya ya Afrika Mashariki kule Arusha, wasingoje siku hiyo ndipo watafute huruma: liandikwe sasa, katika kanuni za vituo vya Busia na Malaba, kwamba mwenye msiba, kwa barua ya chifu au ya mwenyekiti wa kijiji chake, atavushwa akazike na kurudi, hata kama vizuizi vyote vingine vimeshushwa.